Siku za Kuwaongoza Vijana Wetu Katika Kuchagua Kazi

Maneno yaliyonenwa mbele ya watu wa mitaa na waalimu, siku ya elimu katika juma la Yubilei



Katika juma hili la Yubilei tumesikia habari nyingi za mambo yaliyopita: nani waliojenga, nani waliofundisha kwanza, kengele ilitoka wapi, na wazee wetu walitembea siku ngapi kwenda kusoma. Habari hizo ni njema, tena yafaa watoto wazisikie. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuiangalia shule ya sekondari tumeombwa tunene habari ya mambo yajayo, yaani watoto wenyewe, watakwenda wapi wakisha kutoka mikononi mwetu. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu, nalo ni zile siku chache za kila mwaka ambazo vitabu vya masomo hufungwa, na wanafunzi hufundishwa kujijua wenyewe na kuzijua kazi za ulimwengu.

Wako wasemao, "Siku hizo ni za kupoteza. Mtihani u karibu, na mtoto ameletwa shuleni asome, si asikilize hotuba." Wako na wengine wasemao, "Ni siku nzuri sana, maana wageni wakubwa huja, na watoto hupata mfano wa kufuata." Sisi twaona ya kuwa hawa wote hawajafika penye kiini cha jambo. Siku hizo si za kupoteza, wala si za kutazama wageni. Kazi yake ni kumfundisha kijana kuchagua akiwa na maarifa. Na kipimo chake, kama zimefaa au hazikufaa, si yule mmoja atakayekwenda Chuo Kikuu, bali ni yule ambaye jina lake halitaonekana katika orodha ya waliochaguliwa. Hilo ndilo neno letu la leo, na mengine yote tutakayonena ni ya kulitilia nguvu.

MAMBO HAYA SI MAGENI KWETU

Mtu asidhani ya kuwa kumwongoza kijana katika kazi ni desturi mpya iliyoletwa juzi. Kumbukeni Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1860 na 1870. Wengi wa vijana waliolelewa pale walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Hawakuwa na ukoo wa kuurudia, wala shamba la babu, wala mjomba wa kuwapa jembe la kwanza. Waliowalea waliona ya kuwa kuwafundisha kusoma peke yake hakutoshi. Edward Steere, aliyekuwa Askofu mwaka 1874, aliwafundisha vijana kupanga herufi na kupiga chapa, na vitabu vya Kiswahili vikatoka katika mikono yao. Bagamoyo nako, tangu mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakusanya watoto waliokombolewa, wakawafundisha kusoma pamoja na kilimo na ufundi. Sababu ilikuwa moja: mtoto asiye na mtu nyuma yake hana budi kuwa na kitu mkononi.

Lakini historia ina upande wa pili, na si haki kuuficha. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilipita katika nchi za Afrika ya Mashariki, ikashauri ya kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini: kilimo, afya, na kazi za mikono. Ndani ya ushauri ule mlikuwa na maneno mema. Hata hivyo wazazi wengi hawakuufurahia. Waliona ya kuwa karani hukaa kivulini akapata mshahara, na mwenye jembe hukaa juani asipate hata kodi. Tena waliona ya kuwa watoto wa watawala hawahimizwi kushika jembe. Wakashuku ya kuwa jembe lasifiwa ili wao wakae chini daima. Shaka yao ilikuwa na haki, nasi hatuna budi kuikumbuka kila tunaposimama mbele ya watoto na kusifu kazi ya mikono. Ole wake mwalimu amwelekezaye mtoto wa maskini penye randa na msumeno kwa sababu tu ni mtoto wa maskini.

Baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kushika siasa alifundisha Tabora na Pugu, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka ule alionya ya kuwa shule ya msingi isiwe ngazi tu ya kuwapandisha wachache kwenda sekondari, bali iwe elimu iliyokamilika kwa wale wengi wasiokwenda. Siku zile sekondari ilikuwa ya wachache sana. Leo sivyo. Tangu mwaka 2004 shule za sekondari zimejengwa kwa wingi katika kata, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali kidato cha kwanza hata cha nne. Basi swali lililoulizwa mwaka 1967 juu ya shule ya msingi limepanda, limefika mlangoni pa sekondari: je, masomo haya ni ngazi ya wachache, au ni maandalio ya wote?

MAMBO MATATU YA KUJIFUNZA

Mmoja wa watu wa kwanza kuifanya kazi hii ya kuwaongoza vijana kuwa elimu yenye taratibu alikuwa Frank Parsons, wa mji wa Boston, Marekani. Yeye mwenyewe alisomea uhandisi, akawa mwanasheria, tena akawa mwalimu. Kwa hiyo alijua vema taabu ya mtu atafutaye mahali pake. Mwaka 1908 alifungua ofisi katika mtaa uliojaa wahamiaji waliotoka Ulaya, watu ambao watoto wao walishika kazi yo yote waliyoikuta njiani. Alikufa mwaka ule ule, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1909. Mafundisho yake yalikuwa mafupi: kwanza, kijana ajijue, pili, azijue kazi, tatu, afikiri sawasawa jinsi mambo hayo mawili yanavyolingana. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado hatujaona mpango ulio mwepesi kueleweka kuliko huo. Ndivyo siku zetu tatu zilivyogawanyika.

Siku ya kwanza ni ya kujijua. Mtoto akiulizwa na mgeni, "Utakuwa nani?" hujibu, "Daktari," au "Rubani." Hasemi uongo, amejifunza tu ya kuwa majibu hayo huwapendeza wageni. Kwa hiyo siku ile hatumwulizi atakuwa nani. Twampa karatasi, twamwambia aandike mambo manne. Ni kazi gani nyumbani uifanyayo bila kuamriwa? Ni somo gani ulisomalo hata pasipo mtihani? Wenzako hukujia wakitaka msaada wa nini? Na ni jambo gani hukuchosha upesi, hata kama wengine hukusifu kwa hilo? Akisha kuandika, hupeleka maswali yale yale kwa rafiki wawili na mwalimu mmoja, nao huandika wayaonayo kwake. Maana mtu haoni kisogo chake mwenyewe.

Majibu hayo hutustaajabisha. Kijana aliyeandika "daktari" tangu kidato cha kwanza huonekana ya kuwa mabweni yote humjia yeye taa zikiharibika, wala hajawahi kumfikiria fundi umeme kuwa ni mtu mwenye elimu. Binti aliye mkimya darasani huonekana ya kuwa ndiye apatanishaye ugomvi wa wenzake, na kumbe hakuna aliyemwambia ya kuwa iko kazi itakayo karama hiyo. Hatusemi ya kuwa karatasi moja yaweza kumaliza mambo. Twasema ya kuwa mtoto aliyejiangalia mara moja hawezi tena kuchukuliwa kwa urahisi na neno la kila mpitaji.

Siku ya pili ni ya kuzijua kazi. Hapa twawaita wageni, lakini si wale wenye magari tu. Yuko muuguzi, yuko mwalimu, yuko karani wa benki. Yuko na seremala, fundi umeme, mshonaji, mfuga kuku, na mkulima auzaye ufuta wake kwa mnada. Na kila mgeni hupewa maswali yale yale matano. Uliingia kwa mlango gani? Ulisoma miaka mingapi? Nani alilipa? Siku yako ya kazi hupitaje, tangu asubuhi hata jioni? Na ni neno gani gumu katika kazi yako, ambalo ungalipenda kuambiwa mapema? Swali hili la tano ndilo lililo bora. Muuguzi akisimulia zamu ya usiku, watoto hunyamaza. Na wakisha kunyamaza hivyo, ndipo wanapoanza kusikiliza kweli.

NENO LA MILANGO

Twataka kukaa kidogo juu ya neno hili la milango, kwa kuwa hapa ndipo watoto wetu wanapopotea kwa wingi, si kwa uvivu bali kwa kutojua.

Vyuo vya uuguzi na vya utabibu hutaka kijana awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Tumeona mara nyingi binti aliyeacha Kemia na Fizikia kwa sababu rafiki zake waliziacha, au kwa sababu mtu alimwambia ya kuwa ni masomo ya wavulana. Baadaye, akisha kumaliza, moyo wake humvuta kuuguza wagonjwa, huenda kuomba nafasi, hukuta mlango umefungwa. Hakuna aliyemfungia kwa uovu. Mlango ule ulifungwa miaka miwili kabla, siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumwambia ya kuwa anaufunga. Kwa hiyo siku hizi za maongozi hazifai kungojea kidato cha nne. Wa kwanza kuzihitaji ni watoto wa vidato vya chini, kabla hawajachagua masomo. Tena sasa haja ni kubwa zaidi, maana tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza, nao una mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, hata mtoto wa kidato cha kwanza yampasa kujua njia iendako.

Kadhalika habari ya miaka. Mtu atakaye kuwa daktari, akisha kumaliza kidato cha sita, husoma miaka mitano ya Chuo Kikuu, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi hospitalini. Mtu atakaye kuwa wakili, digrii yake haimtoshi. Hana budi kupita na Shule ya Sheria kwa mafunzo ya vitendo. Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Msafiri aambiwaye ya kuwa safari ni siku sita hufunga chakula cha siku sita, na yule adhaniye ni siku mbili huanguka njiani, na watu husema ya kuwa alikuwa dhaifu.

Tena habari ya fedha. Wako wazazi waliomkataza mtoto kuomba chuo kwa kuwa hawakujua ya kuwa ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Na ya kuwa tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo hiyo imefika hata kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Wako na wengine waliodhani ya kuwa mkopo ni zawadi. Si zawadi, hulipwa, na anayeajiriwa hukatwa katika mshahara wake. Yote mawili yapasa kunenwa mbele ya mzazi na mtoto pamoja.

YULE ASIYECHAGULIWA

Sasa tumefika penye neno letu lenyewe. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne hutoka, na baadaye hutoka orodha ya waliochaguliwa. Katika nchi yetu zaidi ya nusu ya wale wafanyao mtihani huo hawaendi kidato cha tano. Hao si mkia wa shule. Hao ndio shule, kwa hesabu ya vichwa. Je, siku ile wana nini? Aliyechaguliwa hupigiwa vigelegele, kuku huchinjwa, na jina lake hutajwa kanisani. Asiyechaguliwa hufichwa. Mama husema, "Mwanangu yuko kwa shangazi yake." Baba hasemi neno. Baada ya miezi michache kijana hutoka na mfuko wake, huenda mjini pasipo ujuzi, pasipo mtu wa kumpokea ila ndugu ambaye naye ana taabu zake. Hatudharau mchuuzi wa barabarani wala mwendesha bodaboda, maana kazi halali haina aibu. Neno letu ni kwamba kijana huyo hakuichagua kazi hiyo. Aliangukia humo, kama mtu aangukavyo shimoni usiku.

Siku za maongozi zikiwa njema, kijana huyo hujua mapema, kabla ya mtihani, ya kuwa mlango mmoja ukifungwa hajafungiwa nyumba nzima. Viko vyuo vya ufundi chini ya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa nchi ya Sweden, navyo vimepokea watu wazima na vijana ambao shule ziliwaacha. Iko njia ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Iko njia ya uanagenzi, kukaa chini ya fundi. Na tena iko njia ambayo wengi hawajaisikia: mtu aliyejifunza ufundi mtaani tu, asiye na cheti, aweza kupimwa na VETA katika kazi yake na kupewa cheti, nayo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Wako mafundi hapa leo, wenye mikono iliyojenga nusu ya nyumba za mji huu, ambao wangaliweza kukipata cheti hicho.

Na mtu asiseme ya kuwa njia hizi ni za wasio na akili. Fundi umeme hana budi kuielewa Fizikia, la sivyo atachoma nyumba. Tena hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Mwashi asiyejua kupima pembe hujenga ukuta utakaomwangukia mwenye nyumba. Mfugaji asiyeandika hesabu hafahamu kama apata faida au hasara, mpaka kuku wamekwisha. Kusoma kwa miaka minne hakukupotea. Kunaendelea katika kazi, mradi mtoto ameonyeshwa ya kuwa ni kitu kimoja.

Watu hupenda kuwaambia vijana, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ni ya kweli kwa mvivu atafutaye sababu ya kukaa. Lakini hata mkulima hodari hutazama mpini kabla ya kwenda shamba, na huuliza kama udongo ni wa mtama au wa mpunga. Kuchagua kwa maarifa si uvivu. Ni mwanzo wa kazi.

NENO KWA KINA BINTI NA WAZAZI WAO

Zamani maongozi ya binti yalikuwa mafupi sana: ataolewa. Leo twawaona kina mama wauguzi, mahakimu, mafundi, na tangu mwaka 2021 nchi yetu ina Rais mwanamke. Mwaka huo huo Serikali ilitoa ruhusa kwa mabinti walioacha masomo kwa sababu ya kuzaa warudi shuleni. Ruhusa imetoka, lakini twajua ya kuwa si kila nyumba imeifungulia mlango. Twawasihi: binti wa namna hiyo akiwa katika mtaa wenu, mwambieni habari ya siku zetu, nasi tutampokea kama wengine. Huyu zaidi ya wote hana wakati wa kupoteza, na zaidi ya wote yampasa kujua ni njia gani iliyo wazi kwake.

NENO KWA WAZAZI WOTE

Siku ya tatu ni siku yenu. Ni ile ya kulinganisha mambo mawili, mtoto na kazi, na hatuwezi kuifanya pasipo ninyi, kwa kuwa shauri la mwisho halikatwi darasani. Hukatwa nyumbani, usiku, baada ya chakula. Kwa hiyo siku hiyo mazungumzo yote huwa kwa Kiswahili, hata kama masomo ni kwa Kiingereza, ili kusiwe na mzazi aitikaye neno asilolijua. Mtoto, mzazi na mwalimu huketi watatu na zile karatasi za siku ya kwanza. Mtoto hunena kwanza. Twawaomba mzishike taratibu hizo: mtoto anene kwanza. Si kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, bali kwa kuwa mkubwa akisha kunena, mtoto hana tena la kusema ila ndiyo.

Tena msiuze shamba wala ng'ombe kwa haraka kwa ajili ya chuo ambacho hamjakiuliza habari zake. Ulizeni kama kimesajiliwa. Ulizeni waliotoka huko wako wapi. Kuuliza si ujinga.

NENO KWA MAFUNDI NA WAKULIMA

Ninyi ndio tunaowahitaji kuliko wageni kutoka mbali. Hatuna haja ya hotuba zenu. Twataka milango yenu. Fundi apokee wanafunzi wawili kwa juma moja wakati wa likizo. Wafagie, wabebe mbao, wamwone mteja asiyelipa, waone na jinsi fundi anavyomjibu. Mwonyeshe kijana na daftari lako la hesabu, kama unalo. Na kama huna, labda yeye atakusaidia kuliandika. Juma moja karakanani hufundisha kuliko siku nzima ya maneno kama haya yetu. Lakini asiwekwe kijana kwenye msumeno wa umeme wala juu ya paa. Amekuja kuona, hajawa kibarua.

NENO KWA WAALIMU

Ndugu zetu waalimu, twajua mzigo wenu, wala hatutaki kuuongeza bure. Twaomba mambo mawili tu.

La kwanza: msifanye kazi ya mikono kuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa akipelekwa kulima, na aliyepiga kelele akipelekwa kufyeka, basi kila siku mwawafundisha somo ambalo halimo katika mtaala, ya kuwa jembe ni la waliokosa. Hata mkileta wakulima hodari 10 siku ya maongozi, hamtalifuta somo hilo. Shamba la shule na liwe somo, lenye kipimo, lenye daftari, lenye mavuno yahesabiwayo mbele ya wote.

La pili: wekeni daftari la waliotoka. Liandikwe jina la kila mwanafunzi amalizaye kidato cha nne, na baada ya mwaka mmoja, tena baada ya miaka mitatu, mwulize yuko wapi na afanya nini. Wazee wa mitaa watasaidia, maana wao huzijua nyumba. Shule nyingi zaweza kukuambia idadi ya waliopata daraja la kwanza. Chache zaweza kukuambia waliopata sifuri wako wapi. Lakini mchungaji hahesabu kondoo waliopita lango tu.

NENO KWENU WANAFUNZI

Nanyi, watoto wetu, msidhani ya kuwa mwachagua leo mara moja kwa maisha yote. Watu wengi hubadili kazi, na aliyejifunza kujifunza hashindwi na mabadiliko. Tunachowaomba ni kwamba msichague kwa kumfuata rafiki, wala kwa kuogopa somo, wala kwa kumpendeza mgeni. Ulizeni milango. Hesabuni miaka. Na yule mwenzenu ambaye jina lake halimo katika orodha, msimwache peke yake siku ile. Nendeni kwao, mkae naye, mkamkumbushe mliyoyasikia pamoja.

MWISHO

Ndugu zetu, katika Yubilei watu hupenda kuhesabu: makanisa ni mangapi, waliobatizwa ni wangapi, madarasa ni mangapi. Hesabu hizo ni njema. Sisi twaomba iongezwe hesabu moja. Wale watakaokusanyika hapa katika Yubilei ijayo walifungue lile daftari la waliotoka, na waweze kusoma mbele ya watu wote, si majina ya mapadre na madaktari peke yake, bali na ya seremala, na ya muuguzi wa zahanati, na ya mama mwenye duka la vitambaa, na ya yule ambaye hakuchaguliwa, ambaye leo ameajiri wanne. Na penye jina ambalo mbele yake hapana neno lililoandikwa, mtu mmoja asimame na kusema, "Huyu namjua, nitakwenda kumwuliza."

Likizo ya shule i karibu. Mafundi walio tayari kupokea wanafunzi wawili wawili, na wazazi watakaokuja siku ya tatu, waandikishe majina yao leo kwa wazee wa mitaa kabla ya kwenda makwao.  Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, na kazi za mikono yenu.